Unga Katika Tundu la Sauti

Mama M'Cishugi aliniletea simu kama mtu anayebeba mtoto mwenye homa,
imefungwa ndani ya kitenge,
akapanda nayo ngazi za Kadutu Jumapili, baada ya misa ya pili.
"Fundi, mwanangu anaongea kama yuko ndani ya mtungi.
Uso wake unakatika vipandevipande.
Mdomo unafika leo, neno linafika kesho."

Nikaangalia tundu la kinasa sauti: jeupe.
Unga wa muhogo.
Miaka sita anauza unga sokoni,
miaka sita anamwita mwanawe kupitia unga,
na kila "umeamkaje" ilikuwa ikipigwa ungo kabla ya kusafiri.
Nikautoa kwa mswaki laini na tone la spiriti,
taratibu, maana nyuma ya tundu lile kuna ngozi
nyembamba kuliko ya jicho.

Si hilo tu. Ndani, makundi kumi na manne
yalikuwa yakivuta video za harusi na za matanga,
kila moja na mrija wake katika kikombe kimoja.
Nikayafunga. Nikamtoa chini ya bati,
nikamkalisha kizingitini, uso kwa mnara wa kilimani,
nikampa waya za masikioni
ili sauti ya Murhula isitoke kwenye spika, ikaingia tena tunduni,
ikamrudia mwenyewe kama deni.

"Sasa zima picha."
"Nizime uso wa mwanangu?"
"Mama, picha ina tumbo, sauti ina kidomo.
Ukiwapakulia sahani moja, unajua nani atalala njaa."
Akacheka kidogo. Akabonyeza mwenyewe.

Na sauti ikaja.

Sikio moja la waya kwake, moja kwangu
(nilitaka kupima, ndiyo kazi yangu),
tukaisikia Winipegi yote: maji ya bomba,
sahani juu ya sahani, mlango wa friji,
pumzi ya Murhula, na ile "r" yake ya Walungu
ambayo baridi haijaigusa.
"Mama! Leo nakusikia kama uko hapa jikoni."
"Jikoni kwa nani?"
"Kwa... kwa rafiki."

Kisha nyuma yake mwanamume akaita: "Anselmi!"
Na Murhula akaitika.

Bomba likafungwa.
Mama akaniangalia mimi, hakuiangalia simu.
Vijiti vya mtandao vinne, vyote vimesimama.
Betri sabini. Hakuna duara linalozunguka.
Nikasema, "Mtandao huo, mama. Umekatika."
"Acha, fundi. Nimesikia hata tone la mwisho."

Nina bisibisi sita, gundi, risasi ya kulehemu,
nina skrini za simu zilizokufa, nazitoa viungo kama daktari.
Kimya kile nilikigeuza huku na huku,
sikuona penye msumari wa kufungulia.

Alilipa faranga elfu mbili, zote zina unga.
Nilitaka kumrudishia moja,
lakini umeme ukaondoka mtaa mzima,
na gizani sikujua mkono wake uko wapi.

Wiki ile nzima nilijilaumu. Ningeacha punje kidogo, nikawaza,
fundi gani asiyejua kubakiza punje?

Jumapili iliyofuata akarudi. Simu haikuwa na ubovu.
Alitaka kizingiti tu.
Akakaa, akavaa waya masikio yote mawili,
akazima picha bila kuambiwa.
Mimi nikajifanya nahangaika na chaji ya mtu.
Akangoja mlio wa kwanza, wa pili, wa tano,
akifuta tundu kwa ncha ya kitenge.

"Anselmi," akasema, polepole,
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani,
"Anselmi wangu, umekula?"