Mawe ya Sikio

Leo simu zote mtaani zimelia kwa pamoja: tufani.
Msiikaribie waadi, msiingie baharini.
Ghusain kaiburura boti yake kwa Landikruza
hadi nyuma ya msikiti, kaifunga kwenye nguzo ya taa
kama mbuzi wa Idi,
kisha kaja kwangu, katandika gazeti juu ya meza ya kulia
na kuanza kuzifumua mashine za mishipi, skurubu moja moja.
Nyumba nzima inanuka grisi. Namwachia.
Kaka aliyezuiwa baharini ni jino bovu:
usiliguse.

Nami nina langu.
Nalifungua kopo la biskuti
ambalo wageni hudhani lina uzi na sindano.
Ndani mna viberiti, na kila kiberiti kina jina:
changu wa Ras al-Hadd, kolekole wa Ijumaa,
nguru wa mwisho kabla ya marufuku
(vijiwe vyake vyembamba, vyaweza kuvunjika kwa kutazamwa),
viwili viwili, pacha, wamelazwa juu ya pamba.

Watu hutupa vichwa. Mimi huviomba.
Jalal wa sokoni hunifungia kwenye mfuko mweusi,
haulizi kitu, anadhani nafuga paka.
Kwanza mchuzi, maana sitii chema jaani,
halafu ncha ya kisu, nyuma ya ubongo,
penye vifuko viwili
ambamo samaki aliisikiliza dunia yake.

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha hesabu hapa Sur.
Sasa nahesabu hivi:
nakivunja kijiwe katikati kwa ukucha,
nakichoma juu ya mshumaa mpaka kiwe rangi ya kahawa,
tone moja la mafuta ya kupikia,
halafu lenzi ya marehemu Muhanna, fundi saa.
Hapo ndipo maduara yanapojitokeza,
jeusi, jeupe, jeusi,
mwaka wa shibe umenona, mwaka wa dhiki kama unywele.

Nje, mlango wa bati wa jirani umeanza kupiga makofi.
Mvua ya huku haijui kunyesha, humwagwa.
Umeme ukakatika.
Ghusain akaitukana skurubu iliyobingirika gizani.
Mshumaa wangu ulikuwa umeshawaka.

"Yule tewa wako wa Ramadhani," nikamwambia,
"uliyempiga picha ukamtumia mpaka daktari wa meno."
Nikahesabu. Nikarudia, kama nilivyowafunza watoto.
Ishirini na tatu.
Bisibisi ikabaki hewani.
"Rika la Zayana," akasema.
Tulimla kwa ndimu na pilipili, tukalamba vidole.

Kadi yangu inasema nimezaliwa tarehe mosi Januari.
Ghusain naye, tarehe mosi Januari.
Muhanna pia, Mungu amrehemu, na nusu ya mtaa huu:
siku moja, wakunga wangapi?
Karani aliyetuandika tulipofika kutoka Wete
alikuwa na foleni ndefu na feni mbovu.
Akanitazama kimo, akanitazama meno, akakisia.
Mama alisema nilizaliwa mwaka wa karafuu nyingi.
Mwaka upi, mama? Karafuu zilizaa mara nyingi.

Nikakifunga kiberiti, nikaandika juu yake:
*tewa, miaka 23, hakika.*
Neno la mwisho sijawahi kuliweka
kwenye fomu yangu yoyote.

"Na sisi hatuna?" Ghusain akauliza.
"Tunayo, nimesoma. Ila ya binadamu ni vumbi tu,
chembe chembe, humo humo ndani ya sikio. Hayahesabiki."

Hakujibu. Maji yalikuwa yanapita barabarani
na kiatu cha mtu, na kreti ya nyanya.
Akainamisha kichwa upande mmoja, akakitikisa taratibu,
kama mtu aliyetoka kupiga mbizi,
akasikiliza.