Kufungwa

Alikuja Bugando kunyoosha viungo vya watu,
Heidrun, mikono mirefu kama ya mpiga kasia,
na jioni ya kwanza alipotufuata uwanjani Igoma
alisema, kwa Kiswahili cha darasani:
"Nchi yangu ilifungwa."
Nasi, watoto wa mpira, tukadakia:
"Ngapi kwa ngapi?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe.
Ilinichukua miaka kujua tulimuuliza nini.

Habari zake hakuzisimulia. Alizitoa
kama mtu atoaye miiba ya sato mdomoni,
mmoja mmoja, akiiweka ukingoni mwa sahani.
Leo: kwamba alikuwa golikipa, jezi kumi na mbili.
Mwezi mwingine: kwamba katika mpira wa mikono
golikipa havai glovu, mpira humjia
kwa karibu, kama kofi la ndugu.
Kwamba baba yake, fundi wa mabehewa,
alikuja kumtazama mara moja tu,
mara ile.

Mara ile: mita saba, muda umekwisha,
mrushaji mwembamba mwenye mafua.
Heidrun akanyanyua mikono, akatanua miguu,
na mpira ukapita hapo, katikati ya magoti,
"kama panya anayeijua nyumba."
Gazeti liliandika mstari mmoja.
Baba hata huo hakuwa nao.
Mwaka uliofuata goti likakatika,
kisha nchi yenyewe: bendera ikakunjwa,
na jezi ikabaki sandukuni
haina wa kuidai.

Sisi hatukuwa na magoli.
Akaenda Kirumba siku ya kuchoma makokoro,
akasimama kati ya afisa uvuvi na kiberiti,
akaomba nyavu haramu mbili.
"Za nini, mama?"
"Za kuvulia mipira."
Afisa akamwandikia risiti. Ninayo bado.
Yale macho madogo yaliyomaliza vifaranga vya ziwa
tukayafunga kwenye mabomba yenye kutu.
Vumbi la Igoma likapita. Mpira haukupita.

Gundi ya kwao ilitoka kwenye kopo.
Tukamwonyesha ulimbo wetu wa kunasia chiriku,
utomvu wa mkuyu uliochemshwa.
Alinusa viganja vyake, akanyamaza,
akavinusa tena.

Golini alinipanga mimi, Nkwimba, mrefu na mwoga.
Somo lilikuwa moja: usifumbe macho.
Geita walitufunga ishirini na tisa.
Nililia kwenye gari njia nzima mpaka Usagara.
"Ulizookoa ni ngapi?" akauliza.
Sikujua. Yeye alijua: thelathini na moja,
vijistari vya penseli
nyuma ya kadi ya mgonjwa.

Sasa mimi napima dagaa Mwaloni,
naye anatembea na mkongojo, Nyegezi.
Jumapili nilimpeleka mwanangu kumsalimu.
Alikuwa kitini, khanga mapajani, ananiuliza bei ya mafuta ya taa,
mtoto akamrushia limau, utani tu,
la chini chini.

Magoti yakagongana.

Limau lilikuwa hapo, limebanwa kwenye khanga.
Hakuna aliyepiga makofi; jirani alikuwa akitwanga.
Alilitazama muda mrefu,
akalisugua kwa kidole gumba
kama anatafuta mahali liliposhonwa.
Kisha akaniomba kisu, na chumvi.