Sekunde Arubaini

Saa tisa na dakika tano za usiku, Al Khoudh.
Mashine ya baridi inakohoa kama mgeni asiyetaka kuaga.
Nimeketi jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la kahawa,
natazama wanaume wa mbali
wakitafuna mbegu na kutema maganda.

Huko ni saa moja ya magharibi.
Azza karudi kazini, hajavua viatu.
Nyumba yake mitaa mitatu tu kutoka uwanjani:
akifungua dirisha ananusa vitunguu vya wachuuzi,
anasikia kinanda, anasikia umati ukivuta pumzi,
ila akiwasha simu aitazame timu yake
simu humjibu: kwa wakaazi wa eneo hili, haiwezekani.
Kwa wakaazi wa eneo hili!
Nilimwambia, labda umekosea neno la siri.
Akasema, la, mama, ndiyo sheria.
Aliye karibu anunue tiketi.
Aliye mbali ndiye huruhusiwa kuona.

Tukajaribu kila njia.
Jirani Muhenna ana dishi pana kama sinia la harusi;
likatupa kriketi, kriketi, mbio za ngamia,
na Mturuki mmoja akikanda unga.
Harith, mwana wa dada yangu, akaudanganya mtandao
kwamba Azza yuko Salalah.
Ukaamini siku mbili, ya tatu ukazinduka.
Mwisho nikatoa riyali zangu mwenyewe,
nikawa mfuasi halali wa Korongo,
mimi, mtu wa miaka sitini na miwili,
nisiyejua kwa nini akosaye mara tatu hufukuzwa
na apigaye pembeni mara kumi huachwa aendelee.

Basi namtangazia.
"Mrushaji kajifuta jasho. Anatikisa kichwa. Kakataa."
"Kakataa nini?"
"Sijui. Yule aliyechutama anamwonyesha vidole, naye hataki,
kama wewe na yule mchumba wa Nizwa."
Anacheka. Nasikia kijiko chake kikigonga bakuli.
Majina ya vituo sina, nimevipa yangu:
cha kwanza Mombasa,
cha pili Dubai,
cha tatu Matrah.
Pale wanapotokea na kurudia, sipaiti kitu.

Mtandao ukilemaa, picha hukwama mtu mguu juu.
Nahamia redio: wazee wawili, sauti tu,
Kiingereza chao nakipata nusu, nusu najazia.
Zamu ikiisha husoma hesabu,
waliofunga, waliopiga,
kisha waliobaki njiani.
"Wawili wamebaki njiani," husema, kwa sauti ileile.
Usiku wa kwanza nilisita na kikombe.
Mama alitoka Unguja na masanduku mawili, watoto wanne.
Kaka Nassor yuko Mombasa, ardhini.
Rukiya alitutoka Dubai kwa homa, hana hata picha.
Kwetu hakuna aliyewahi kuwasoma hivyo,
siku inapofungwa, kwa hesabu.

Adhana huja zamu ya tatu.
Namwambia Azza nakwenda, simu naiacha ijitazame.
Nikirudi tumeshafungwa mbili,
naye hana haja ya kuambiwa, dirisha lake limenyamaza.

Maana picha yangu huchelewa.
Sekunde arubaini, Harith alipima.

Leo zamu ya tisa, jua limeshapanda ukutani,
gari la taka linarudi kinyumenyume likilia.
"Mama!"
Dirisha lake limenguruma; nalisikia
mpaka jikoni kwangu, kupitia sikio lake.
"Wamepiga?"
"Sijui. Niambie wewe."

Natazama.
Kwangu bado hakijatokea kitu.
Korongo wetu wawili, mmoja Mombasa, mmoja Matrah,
wa Matrah anachora mchanga kwa ncha ya kiatu.
Mrushaji anausugua mpira kana kwamba ana usiku kucha.
Kelele zimejaa sikioni, machoni pametulia.

"Haya, mama, haya!"

"Subiri," nasema. "Bado kaushika."