Mshika Henzirani

Miaka ishirini na miwili nimesimama mlango wa nyuma,
kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, henzirani mkononi,
kanisani kwetu, nje kidogo ya Muheza,
barabara inapokatisha mashamba ya machungwa.
Kazi yangu ilikuwa moja: kimya.
Mtoto akikohoa, namtazama.
Akicheka, nanyanyua fimbo kidogo, hivi.
Akilia, mama yake anaijua njia.

Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo nilivyofundishwa.
Basi nikakunja.
Niliwakunja wana wa Mntambo, wote watano,
nikawakunja mapacha wa Agnesi Kilua,
na Barnaba wangu mwenyewe, wa kumzaa,
ambaye sasa yuko Handeni, ana duka la vipuri,
na Jumapili hulifungua mapema.
Sisemi ni henzirani. Sisemi si henzirani.

Juu ya mlango, kwa rangi ya buluu,
fundi mmoja wa zamani aliandika maneno ya Bwana kuhusu watoto.
Yalikuwa kisogoni kwangu.
Mlinda mlango huupa mlango mgongo.

Sasa Perpetua.
Binti wa Mdoe, miaka minne, sauti ya debe,
kandambili moja nyekundu, moja ya kijani.
Huyu nilimtoa Kwaresima nzima.
Alimuuliza Padre, katikati ya ubani,
"Hicho chungu kinaungua?"
Nikamtoa.
Alihesabu mishumaa ya altareni kwa sauti, akaruka saba.
Nikamtoa.
Jumapili ya Matawi alimchapa mzee wa kanisa kwa kuti, upaani.
Hapo, kusema kweli, nilichelewa kidogo kumtoa.

Kisha Jumapili ile baada ya Pasaka, masika yamekolea,
mabati yanapiga kelele kuliko watoto wote wa duniani
na hakuna aliyeyanyanyulia fimbo.
Padre Shemdoe akanyoosha mikono mimbarini:
"Nani hapa anamjua jirani yake?"
Swali la mahubiri. Halina haja ya jibu.
Tukatulia kama watu wazima tunavyojua kutulia.

"Mimi!"

Perpetua amesimama juu ya benchi.
"Bibi Hoza! Ana mbuzi anaitwa Shilingi.
Hunimenyea chungwa. Leo hayupo. Siku ile pia hayupo.
Mbona hamumuulizi?"

Nilikwisha kuanza kutembea, fimbo mbele.
Nikafika benchi la tatu, upande wa wanawake,
nikapaona pale pa Bibi Hoza:
ubao uliong'aa kwa kukaliwa,
na juu yake vumbi.
Mimi ndiye nihesabuye vichwa. Naandika daftarini.
Wiki tatu nimeandika: ibada ilikuwa tulivu.

Tulimkuta mkekani, nyonga imegoma,
Shilingi akilia mlangoni.
Uji alikuwa akiletewa na Mwanahamisi wa nyumba ya pili,
aendaye msikitini.
Sisi wa benchi moja hatukuwa na habari.
"Mmechelewa," Bibi Hoza alisema,
kisha akamwona mtoto mgongoni kwangu,
maana njia ilikuwa tope,
akanyoosha mkono wake mkavu.
"Wewe hukuchelewa."

Kurudi, alinilalia begani.
Uzito wa mtoto aliyelala niliusahau.
Sikumbuki kama Barnaba nilipata kumbeba
akitoka kanisani, au nilimburuta tu.
Simu yake ninayo. Nitapiga. Sijapiga.

Henzirani ipo. Sikuivunja, mimi si mtu wa maonyesho.
Jumapili Perpetua huishika kwa mikono miwili
akainyoosha kuelekea altare, akahesabu mishumaa.
Wamama wengine wanaguna. Wacha wagune.
Akifika sita hunyamaza, akanigeukia.
Saba naitaja mimi, kwa sauti.