Saba ya Mzee Shaame

Kwenye kioo changu hapa Wete
ripoti inapendeza hata naona haya kuifunga:
mabati, saruji, misumari kwa kilo,
safu kwa safu, kwa mwandiko wa marehemu Shaame Khatibu,
ule wa madaftari ya jalada gumu
ambao mjukuu wake Haitham aliupiga picha herufi kwa herufi
akaugeuza fonti, arubaini haijatimia.

Nikibonyeza “hamisha”
mwandiko unabaki nyuma.

Benki ya Chake wakapiga simu:
“Bi Mize, umetuletea vijisanduku.”
Vitupu, vimejipanga
kama madirisha ya nyumba isiyohamiwa.
Na tawi la Ng'ombeni limekatika shingoni:
N, g, kijisanduku, kisha ombeni.
Nikaomba.

Nimeizima mashine, nikaiwasha kwa bismillahi.
Nimebadili fonti, ikatoka ile ya watu wote,
safi, imenyolewa, haina ukoo,
na mwanawe marehemu alipoisoma jumla
akauliza: hesabu hizi za duka gani?

Haitham, kutoka Maskati:
“Fonti haisafiri yenyewe, dada.
Inakaa kwenye mashine yako tu.
Ifungashe ndani ya faili.
Kuna kijialama chini kabisa, kitie tiki.”
Chini kabisa. Miezi mitatu nakipita.
Na ritifaa ya Ng'ombeni?
“Babu hakuwa akiiandika. Nimepekua madaftari yote kumi na moja.”
Basi nikaichora mwenyewe kwa kipanya,
ikatoka kama mbegu ya pilipili.

Faili likawa zito. Likapanda
asilimia kwa asilimia,
nami nimeukodolea macho umeme usiniendee.

Likafika. Benki wakapiga tena:
“Sasa tunaona kila kitu, Bi Mize.
Ila hii, safu ya nne, ni saba au moja?”

Nikacheka peke yangu dukani.
Saba ya Mzee Shaame!
Ndiyo iliyomlipa fundi Kombo siku saba
kwa kazi ya siku moja,
ndiyo iliyofikishwa kwa sheha,
na mwenyewe, akiulizwa, huinua miwani:
“Tazama mkono umetulia wapi.”

Nikawaambia benki hivyo hivyo.
Kimya kwenye simu, feni inasikika.
Kisha yule kijana akasema, kwa uhakika: saba.

Ilikuwa moja.