Hatujawaona

Nilizaliwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
mtaa wenye namba badala ya jina.
Nikatumwa chumvi ya Kumi na Moja, mkaa wa Kumi na Sita,
nikajua kutoa kabla sijajua kusoma.
Lakini karani wa sensa alipobisha hodi
mama alinificha mimi na Mwanasiti nyuma ya pipa.
"Una watoto wangapi, mama?"
"Wa Mungu."
"Naam, wa Mungu. Wangapi?"
Akamkaribisha uji wa pilipili manga
akamwacha apulize.
Kiumbe hakihesabiwi kwa sauti, alituambia baadaye.
Hesabu ina masikio.

Miaka thelathini na mmoja
nimelipwa mshahara kwa kuhesabu viumbe kwa sauti.

Amani, juu ya Muheza, saa nne za usiku,
koti la mvua limelowa mpaka ndani,
Singano mbele na tochi, mimi nyuma na daftari.
Kinyonga akilala hupauka;
mwanga ukimpata, anang'aa kwenye ncha ya kijiti
kama risiti iliyonasa mtini.
Singano humshika kwa vidole viwili, taratibu,
kama anayemtoa mtoto mwiba,
nami namtia tone la rangi ya kucha mgongoni,
tunamrudisha palepale, kijiti kilekile.
Usiku wa kwanza: arobaini na mmoja.
Wiki iliyofuata tulishika thelathini na wanane,
kumi na wawili wana doa letu.
Zidisha, gawanya. Mia na thelathini, kasoro kidogo.

Singano alihesabu kwa vidole, akarudia.
"Tuliowashika ni sitini na saba.
Hao sitini na tatu, daktari, umewaona wapi?"
"Sijawaona. Nimeambiwa na hawa waliorudi."
Akacheka mpaka tochi ikatikisika.

Kukadiria: neno limebeba kadari tumboni.
Ndiyo maana kila namba yangu niliiandikia kosa lake pembeni,
kosa sanifu,
kama mgeni anayeomba radhi kabla hajaketi.
Mkubwa mmoja akalizungushia wino.
"Unatuletea ripoti yenye kosa?
Na hii 'kati ya themanini na tano na mia na sabini na tano'
ndiyo nini? Nataka namba moja."
Nilimpa zilezile mbili.
Mwaka uliofuata kazi ilikwenda kwa kijana aliyempa moja.

Kulikuwa na kipande cha msitu kinachopakana na chai.
Usiku sita, sifuri.
Wa saba, sifuri.
Kijana akaandika: Hawapo.
Misumeno ilikwisha kutiwa mafuta.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja
nikaegemea silabi moja, *ja*,
ambayo kila mtoto wa Kumi na Tatu anaijua:
hawakuja, na mlango umetiwa komeo;
hawajaja, na sahani yao ipo mezani chini ya kawa.
Hatujawaona, niliandika.
Tochi ilikuwa moja. Mvua haikukatika.
Hata wakiwamo thelathini
mtu anaweza kutembea usiku saba akatoka mikono mitupu,
mara moja katika kila mara tano.
Mara moja katika tano, waheshimiwa.
Ungepanda basi lenye breki za namna hiyo?

Haikujibiwa.
Chai sasa inafika mtoni.
Singano alinitumia ujumbe: "Nimepita tena, kwa miguu yangu,
bila posho. Bado." Akaishia hapo, kwenye bado.

Mama alituacha mwezi wa Shaabani.
Karani wa mirathi, kijana mpole, kalamu ya buluu:
"Alizaa watoto wangapi?"
Mwanasiti akanitazama mimi, mwenye shahada za hesabu.
Ninaowajua ni sita.
Lakini kila Idi, visheti vikishapoa,
alivitenga mafungu manane,
na mawili hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa
mpaka jioni.

"Andika sita," nikasema. "Halafu pembeni yake..."
Karani akaigeuza fomu, akaigeuza tena.
Akasema pembeni hapana nafasi.