Neno Kutoka Kasumbalesa

Numbi alirudi Jumanne na lori la sabuni,
vumbi jekundu la mpakani bado limo ndevuni mwake.
Akavua viatu mlangoni, akakataa chai.
"Unaumwa?" mama akamuuliza.
"Siumwi."
"Una njaa?"
"Hapana. Niko *bla* tu."

Alilipitisha mdomoni lile neno.
Forodha hawakulifungua,
halikupimwa kilo wala kugongwa muhuri.
Madereva wa Ndola, alisema, hulitupa mezani
kama mtu atupavyo funguo za nyumba asiyoipenda.

Mama akalionja. "Bla." Akalitema.
"Huo ni mdomo uliosahau kufungwa."

Umeme ulikuwa umekatika. Tukaketi kulitafutia maana,
mshumaa mmoja juu ya kopo la maziwa.
Shangazi Kisimba akasema: ni chapwa,
sombe ya mpishi aliyegombana na chumvi.
Numbi akatikisa kichwa. Chapwa iko ulimini,
hii inabaki hata ukitia chumvi.
Basi doro.
Karibu, akasema, karibu.
Basi butu, kama kile kisu chetu cha kukwangulia masizi.
Lakini kisu hunolewa, shangazi.
Basi ni huzuni!
Akapiga meza, mshumaa ukaruka.
Huzuni ina wageni. Huzuni huletewa turubai,
viti vya plastiki, mapipa ya maji, wanakwaya.
Kwa bla haji mtu hata kuazima kiberiti.

Na matumizi yake? nikauliza. Mimi mwalimu, siachi.
Ukiulizwa filamu ilikuwaje, unasema bla.
Ukiulizwa mahubiri, unasema vilevile, kwa sauti ndogo.
Na huu mwezi wa Juni, jua jeupe kama sahani ya bati,
baridi inayopita Katuba bila kumsalimia mtu,
huu nao ni bla.
Ila haliendi na "sana," akasema. Hakuna bla sana.
Likizidi, linageuka kitu kingine.

Hapo mama akanyamaza,
akautazama ukuta, ilipo picha ya baba
na kofia yake ya kiwandani.

Mwaka ule kampuni ilipomrudisha nyumbani
na bahasha, na mkono wa mtu asiyemjua,
baba aliweka kiti nyuma ya nyumba,
akalielekea bomba la moshi.
Moshi ukitoka, alitazama.
Usipotoka, alitazama.
Hakulia. Pombe hakuigusa.
Alikula bukari aliyopewa, akasema asante,
akarudisha sahani mwenyewe.
Daktari akampa kwinini.
Majirani wakamtaja mjomba mwenye jicho.
Wanamaombi wakaja siku tatu mfululizo
kumfukuza pepo ambaye hawakujua jina lake,
na baba, kwa adabu, akasogeza kiti ili pepo apite.

Kila asubuhi mama alimuuliza:
Unaumwa? Siumwi.
Una njaa? Hapana.
Kisha ikaja ile nafasi tupu baada ya hapana,
ambayo baba aliijaza kwa kukuna goti.

"Herufi tatu," mama akasema gizani,
maana mshumaa ulikuwa umekwisha
na hakuna aliyeinuka kutafuta mwingine.
"Angeniambia tu. Ningeleta kiti changu."

Numbi aliondoka alfajiri na lori tupu.
Neno alituachia.

Mama analitumia vibaya, na mimi simsahihishi.
Jumamosi, soko la mtaa wa Kenya,
alibonyeza nyanya za mwanamke mmoja, moja baada ya moja,
akamwambia, "Mama, hii yako ni bla."
Yule mwanamke akaichukua, akainusa,
akakunja uso,
akapunguza franka mia mbili.